Kamera ya video ya nyumbani: kumbe tulikuwa tunanunua mkanda

Najua nimepotea, majaribio ya katikati ya muhula yalinibana mpaka nikasahau siku ya Ijumaa ikoje. Leo nimepumua, ngoja niwape kisa na historia yake kwa pamoja.

Wiki iliyopita kaka yangu kanipigia. Mkewe anatarajia mtoto wa kwanza. "Mdogo wangu, wewe si ndo msomi wa ukoo, ninunue kamera gani ya video ya kuweka hapa nyumbani?" Nikamwambia anipe wiki moja. Sababu ya kuomba wiki nzima kwa swali dogo namna hiyo iko ndani ya begi langu hapa hosteli: kimkanda kidogo, hakizidi kiberiti kwa mengi.

Mwaka 2006 dada yetu alipata ubarikio, na baba akaazimia kurekodi. Alikuwa na kamera ya video aliyoinunua Kariakoo mwaka mmoja kabla. Jioni, wageni wakishakula, akamkalisha bibi mzaa mama chini ya mwembe akamuuliza walivyohamishwa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Bibi akasimulia. Mimi nilikuwa na miaka mitatu, sikumbuki neno hata moja. Bibi akafariki mwaka 2011.

Sasa muhula huu mwalimu wetu wa historia katupa kazi: masimulizi ya familia kama chanzo cha historia. Nikajiona nimeshafaulu, si nina bibi kwenye mkanda! Kumbe kamera ya baba ilishakufa kitambo, haimezi mkanda tena. Hapo ndo nikaanza kuisoma historia ya vyombo hivi, na nikagundua kuwa karibu kila aliyenunua kamera ya nyumbani alikuwa anacheza bahati nasibu bila kujua.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1923 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa filamu ya milimita 16 kwa ajili ya watu wa kawaida, mwaka 1932 ikaja ya milimita 8 iliyo nafuu zaidi, na mwaka 1965 ikaja Super 8 ndani ya kasha la kuchomeka tu. Kasha moja lilikuwa na futi 50 za filamu. Kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde, hiyo ni dakika 3 na sekunde 20, basi! Halafu unaipeleka kusafishwa na kusubiri. Ukiona filamu za zamani za familia watu wanapunga mkono tu haraka haraka, usishangae, kila sekunde ilikuwa pesa.

Mkanda wa sumaku ulibadili mambo. Sony walileta Betamax mwaka 1975, JVC wakaleta VHS mwaka 1976. Lakini kurekodi nje ya nyumba ilikuwa kazi ya punda: kamera begani, deki yake inaning'inia ubavuni, waya katikati. Mwaka 1983 Sony wakaunganisha viwili hivyo katika Betamovie, yenye uzito wa kama kilo 2.5. Kichekesho ni kwamba ilirekodi tu, haikuweza kuonyesha ulichorekodi. Mpaka urudi nyumbani kwenye deki ndo ujue kama umepata sura au umepata dari.

Mwaka 1984 JVC wakatoa GR-C1, iliyotumia kimkanda kidogo cha VHS-C. Mwaka 1985 Sony wakajibu na Video8. Hapo mnunuzi akawa na mtihani wa kweli. VHS-C unakiweka ndani ya kasha kubwa na kinachezwa kwenye deki yako ya kawaida sebuleni, ila kwa mwendo wa kawaida kinakupa kama nusu saa. Video8 ni ndogo na inarekodi zaidi ya saa nzima, ila haiingii kwenye deki, lazima uunge kamera yenyewe na TV kwa waya. Wewe ungechagua ipi? Wengi walichagua wepesi, hasa baada ya mwaka 1989 Sony walipotoa CCD-TR55 yenye gramu 790. Mwaka 1992 Sharp wakaongeza kioo kikubwa cha kutazamia, ukaacha kubana jicho moja.

Na hapa vitu vya nyumbani vikaanza kuandika historia. Usiku wa tarehe 3 Machi 1991, Los Angeles, fundi bomba anayeitwa George Holliday alishtushwa na kelele, akatoka barazani na Handycam yake, akarekodi polisi wakimpiga Rodney King. Tarehe 29 Aprili 1992 mahakama ilipowaachia askari wale, jiji likalipuka, wakafa watu zaidi ya 60. Holliday hakununua kamera ili ashtaki mtu. Lakini bila mkanda ule, kesi ingekuwa neno la raia dhidi ya neno la polisi, na tunajua ambavyo huwa inaisha.

Mwaka 1995 ikaja MiniDV, mkanda wa kidijitali, ndo ule wa baba. Dakika 60 kwa mkanda, picha safi, na ungeweza kunakili kwenye kompyuta bila kupoteza ubora. Shida ni kwamba saa moja ilikula kama GB 13. Kompyuta yenye GB 40 ingejaa kwa mikanda mitatu. Basi watu hawakunakili, waliweka mikanda kabatini wakasema "tutakuja kuihamisha". Wadau, hilo neno "tutakuja" limezika kumbukumbu nyingi sana.

Baada ya hapo ni mbio tu. Kamera za DVD mwaka 2000, za diski ngumu mwaka 2004, mfumo wa AVCHD mwaka 2006. Mwaka 2007 ikatoka Flip, kamera ya mfukoni yenye kitufe kimoja kikubwa chekundu. Cisco wakainunua kampuni yake mwaka 2009, wakaifunga mwaka 2011, kwa sababu simu zilishaanza kurekodi video zenyewe. Sony wakaacha kuuza mikanda ya Betamax mwaka 2016, na mwaka huohuo Funai wa Japani wakaacha kutengeneza deki za VHS. Mikanda ipo, mashine zinakwisha.

Turudi kwa bibi. Nilizunguka Kariakoo siku mbili, vijana wa dukani wananitazama kama nimetoka makumbusho. Mwishowe fundi mmoja wa video za harusi akaniambia anayo kamera ya MiniDV ya zamani. Jumamosi nikaenda na mama. Mkanda ukamezwa, moyo unanienda mbio. Bibi akatokea... halafu akavunjika vipande vya mraba, sauti ikakatika. Fundi akauangalia akacheka kwa huzuni: "Mzee alirekodi kwa LP." Yaani baba, kubana matumizi, aliweka ule mwendo wa polepole ili mkanda wa dakika 60 uchukue 90. Mistari inakuwa myembamba, na kamera nyingine mara nyingi inashindwa kuifuata.

Tulipata vipande. Sekunde kumi, ishirini, kimya, tena tano. Kisha nikasikia mama, bila kuombwa, anajaza mapengo: "Hapo alisema walibomolewa paa wakiwa bado hawajavuna." Kipande kingine kikaja, bibi mwenyewe akataja mahindi. Mama alikuwa sahihi. Nikawasha simu nikarekodi vyote viwili, bibi kwenye kioo na mama pembeni yake. Kazi yangu ya historia nimeiandika hivyo hivyo, pamoja na mapengo.

Kaka nimeshamjibu. Nimemwambia ile namba kubwa ya zumu ya kidijitali iliyoandikwa ubavuni asiitazame, inatanua picha tu na kuiharibu. Atazame zumu ya lenzi. Sauti aijaribu palepale dukani, maana sura za mtoto atakuwa nazo elfu, ila sauti ya mama yetu akimbembeleza mjukuu atakuwa na moja. Asibane ubora ili kuokoa nafasi. Na mwisho wa kila mwezi anakili sehemu mbili, moja ikae kwa mama kijijini. Kama simu yake inatosha kwa hayo yote, basi pesa ya kamera anunue neti na nepi.

Akaniuliza, "Sasa wewe umesoma wiki nzima kuniambia ninunue nepi?" Ndiyo, kaka.

Haya wadau, kama kabatini kwenu kuna mkanda, msiseme mtakuja. Nendeni wikiendi hii. Tuko pamoja.