Mzazi Katika Siku za Maradhi Makuu



Historia ya maradhi makuu nchini Kenya huandikwa kwa hesabu ya waliokufa. Nafsi za waliobaki, hasa za wanawake waliozaa siku zizo hizo, hazikupata mwandishi.

Mwaka 1918 homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa njia ya bahari, ikapanda bara pamoja na reli. Iliwakuta wake wa wapagazi wa vita, ambao maelfu yao hawakurudi. Jina la Kariakor, Nairobi, ndilo kumbukumbu yao. Mjane mwenye mimba hakuwa na daktari wa huzuni, lakini jamaa waliosalia waliweza kumwendea.

Korona iliuzuia hata mwendo huo. Ilitangazwa kuwapo Kenya tarehe 13 Machi 2020. Tangu tarehe 27 watu walikatazwa kutoka nje kuanzia saa moja jioni hata saa kumi na moja alfajiri, na tangu Aprili hata Julai safari za kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa zilifungwa. Basi nyanya akabaki kijijini, na binti yake akajifungua mjini peke yake. Kwa desturi za Pwani mzazi hutunzwa siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto. Bara nyanya huja kupika uji na kumpokea mjukuu. Wengi hudhani hiyo ni kazi ya mwili tu. Kumbe ndiyo impayo mzazi usingizi, na mtu wa kumwambia yale asiyoweza kumwambia mume. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wazazi wapatao 20 katika kila 100 huugua nafsi baada ya kujifungua, hasa kwa huzuni nzito. Wala makadirio hayo si ya siku za Korona.

Uchungu nao haungoji mapambazuko. Daktari Jemimah Kariuki wa Nairobi alianzisha mwaka 2020 mpango wa kuwachukua wajawazito usiku kwa gari, bila malipo. Mama alipiga simu 1195, akasema na daktari. Kwa maoni yetu, sauti ile ilikuwa nusu ya dawa.

Mazishini nako waliruhusiwa watu 15 tu. Aliyefiwa na mamaye huku ananyonyesha aliomboleza kwa simu.

Kina mama wa chama wameleta shauri kwamba mfuko wa mazishi utengewe sehemu ya wazazi, kwa nauli ya nyanya na posho ya mwezi wa kwanza. Shauri hilo litasomwa katika mkutano mkuu.