Kuhesabu Kutoka Mwisho wa Safu

JavaScript ni lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, katika kampuni ya Netscape, kwa ajili ya kurasa za mtandao. Vipengele vya safu katika lugha hiyo huhesabiwa kuanzia 0; hivyo safu yenye vipengele 5 huishia namba 4. Ili kukipata kipengele cha mwisho, desturi ilikuwa kutoa 1 katika urefu wa safu. Namba -1 katika mabano ya mraba haikufaa, kwani ilihesabiwa kuwa jina tu, wala si mahali.

Mwaka 2022 kanuni za lugha hiyo ziliongezewa amri iitwayo at, ambayo kwayo -1 ni kipengele cha mwisho, na -2 ni cha pili kutoka mwisho.

Hapa mfasiri hana budi kuangalia: namba 1 huonyesha kipengele cha pili, bali -1 huonyesha cha kwanza kutoka mwisho. Akiandika “cha kwanza” pote pawili, msomaji atapotea.

Hata hivyo, hapana haja ya kubuni istilahi mpya. Walimu wa sarufi hufundisha kwamba mkazo wa neno la Kiswahili kwa kawaida huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Istilahi ndiyo hiyo, na itumike.