Betheli: Kutoka Luzu hadi Bukoba

Betheli ni maneno mawili ya Kiebrania yaliyounganishwa: beth, nyumba, na El, Mungu. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa Mwanzo sura ya 28, mji huo uliitwa Luzu. Yakobo alifika huko akikimbia hasira ya Esau, ndugu yake ambaye Yakobo alimnyang'anya baraka. Alilala kichwa kikiwa juu ya jiwe, na alipozinduka akakiri kwamba Mungu alikuwapo mahali pale, ila yeye hakujua. Akalisimamisha lile jiwe na kulimiminia mafuta. Nyumba yenyewe hakuijenga. Jina lilitangulia jengo.

Jina hilo halikuulinda mji. Ufalme ulipogawanyika, Yeroboamu aliweka huko ndama wa dhahabu ili watu wasipande tena kwenda Yerusalemu kuabudu. Amosi alikemea ibada hiyo, na Hosea akaubatiza mji jina la dhihaka, Beth-aveni, nyumba ya uovu. Mwishowe mfalme Yosia aliibomoa madhabahu yake. Watafiti wengi wanaamini mji huo ulikuwa palipo leo kijiji cha Beitin, karibu na Ramallah.

Karne nyingi baadaye jina lilihamia Ujerumani. Mwaka 1867 karibu na Bielefeld kilianzishwa kituo cha kuwatunza wenye kifafa, nacho kikajulikana kwa jina la Bethel. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alianza kukiongoza mwaka 1872. Mwaka 1906 chama cha misioni kilichoundwa Berlin mwaka 1886 kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani kilihamishia makao yake huko, na wamisionari wake wakaitwa watu wa Betheli. Walikuwa wameshafanya kazi Usambara. Mwaka 1907 waliingia Rwanda, na mwaka 1910 Ernst Johanssen akafika Bukoba.

Mji wa Bukoba ulikuwa na miaka 20 tu tangu Emin Pasha aweke kituo cha Wajerumani mwaka 1890. Mapadri Weupe walikuwa Kashozi tangu 1892. Johanssen naye alikuta Wahaya Waprotestanti waliokwisha kujifunza kusoma na kuomba kwa njia ya Uganda, Andereya Kajerero akiwa miongoni mwa viongozi wao. Hakuleta imani mahali pasipo nayo. Kama Yakobo, alikuta aliyetangulia.

Vita Vikuu vya Kwanza viliwaondoa Wajerumani, lakini usharika haukufa, kwa kuwa waumini wenyewe waliubeba. Wamisionari waliporudi, kazi ilizidi kupanuka, ikiwemo hospitali ya Ndolage huko Muleba. Vita vya Pili viliwaondoa tena Wajerumani, na Waswidi wakashika nafasi yao. Mswidi Bengt Sundkler alikuwa askofu wa kwanza wa Kilutheri Bukoba, kuanzia 1961. Mwaka 1964 alifuatiwa na Josiah Kibira, mwana wa Buhaya, ambaye mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Kwa hiyo aliyeliita kanisa hilo tunda la Betheli ya Ujerumani alisema nusu ya kweli. Nusu nyingine ni ya Wahaya waliosali kabla ya 1910, wakaendelea kusali wamisionari wa kigeni walipofukuzwa.