Neno la leo: Kusikia

Jioni ikiingia Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, mtu hujitanda kitenge na kusema, "Nasikia baridi." Huko chini Masasi, mkulima atokaye kwenye mikorosho husema, "Nasikia njaa." Hakuna sauti iliyopigwa, lakini kitenzi ni kilekile cha kusikia ngoma. Husikia pia harufu, uchungu na kizunguzungu. Kiswahili kimekusanya mlio wa nje na hali ya mwilini katika neno moja.

Sayansi nayo imeuona ukaribu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari wa akili Peter Sifneos aliunda kwa Kigiriki istilahi aleksithimia, yaani kukosa neno la kutajia hisia. Mwenye hali hiyo huona kifua kinambana, asijue kama ni hofu, huzuni au hasira. Watafiti waliopima umeme wa ubongo wameona dalili kwamba ubongo wa watu wa aina hii huitikia kwa unyonge zaidi hisia zilizomo katika sauti ya msemaji. Insula, sehemu ya ubongo inayopokea habari za moyo na tumbo, hushiriki pia katika kutambua hisia hizo za sauti.

Basi tusimwite mtu huyo mkavu au mwenye roho ngumu. Tumwulize kwa upole, "Unasikiaje mwilini?" Kisha tumpe muda wa kulitafuta neno.