Kulowa si kumwagiwa

Mwagia maji jani la gimbi: yanajikusanya kama shanga, yanateleza, jani linabaki kavu. Limemwagiwa, halikulowa. "Kulowa" hakumtaji mwenye kumwaga. Kunaeleza hali ya kinachopokea. Ukimtaka mtendaji, sema "kulowesha".

Wanakemia wana utando wa polima uitwao PNIPAM, ambao kulowa kwake huamuliwa na joto. Chini ya nyuzijoto 32 hivi za Selsiasi, minyororo yake hunywa maji ikatanuka, na tone hutandaa zaidi. Joto likizidi hapo, hujikunyata, na tone hujikusanya. Huko Japani watafiti walikuzia seli juu yake kwa nyuzijoto 37. Ulipopoozwa, ukanywa maji na seli zikabanduka zenyewe. Kwa lugha yetu: ukiwa baridi umelowa, ukiwa moto umemwagiwa tu.