Nani Anahamia kwa Nani? Ndoa na Talaka katika Milima ya Kandy

Katika ufalme wa Kandy, kwenye milima ya Sri Lanka, ndoa ilianza na swali la makazi: nani anahamia kwa nani?

Mke akihamia kwa mume, ndoa iliitwa diga. Binti aliondoka na nguo, mapambo na vyombo, lakini haki yake katika shamba la baba aliiacha nyuma. Mume akihamia kwa mke, iliitwa binna. Hapo ardhi ilibaki kwa mwanamke, na mume akawa kama mgeni. Wazee walisema mume wa binna asikose fimbo, mwenge na jani pana la kujikinga na mvua, maana angeweza kufukuzwa saa yoyote, hata usiku.

Ilikuwa jamii ya Kibuddha, lakini watawa hawakufungisha ndoa. Dini ilikataza zinaa na kufundisha wajibu wa mume na mke. Mapatano yenyewe yalikuwa ya familia mbili. Waliopatana waliweza pia kuachana. Robert Knox, baharia Mwingereza aliyetekwa mwaka 1660 na kuishi huko karibu miaka 20, aliandika kwamba wanandoa walitengana kwa urahisi, wavulana wakaenda na baba na wasichana na mama. Wapo pia ndugu waliooa mke mmoja kwa pamoja, shamba lisigawanyike vipande.

Waingereza waliitwaa Kandy mwaka 1815. Mwaka 1859 walitunga sheria, wakiungwa mkono na baadhi ya machifu: mke mmoja, mume mmoja, ndoa iandikishwe, na talaka itolewe na mahakama baada ya kosa kuthibitishwa. Wanakijiji wengi waliendelea kuoana na kuachana kama zamani. Matokeo yake, wanandoa walioheshimika kijijini hawakuwa wanandoa mbele ya serikali, na watoto wao wakahesabiwa kuwa wa nje ya ndoa. Kwa wakulima, hilo lilimaanisha kesi za urithi. Mwaka 1870 serikali ililegeza kamba: wawili wakikubaliana kuachana, ilitosha.

Ni rahisi kusoma haya na kusema wanawake wa Kandy walikuwa huru kabla ya mkoloni. Tusiharakishe. Mke wa binna alimwonyesha mume mlango kwa sababu mlango ulikuwa wake. Mke wa diga alipoachika alirudi kwa kaka zake, kwenye shamba ambalo haki yake ilikuwa imekatika, ingawa akiolewa tena kwa binna nyumbani kwao angeweza kuirudisha. Desturi iliwaruhusu wote wawili kuondoka; tofauti ilikuwa mahali pa kwenda.

Sheria ya ndoa ya Kandy ya mwaka 1952 bado ilizitambua diga na binna, pamoja na talaka ya maelewano. Anayetaka kujua uzito wa talaka katika jamii yoyote, aanze kwa kuuliza nyumba ni ya nani.