Luizi (kreta)

Luizi ni kreta ya kimondo kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu, Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kipenyo chake ni kilomita 17 hivi. Iko karibu na mstari wa digrii 10 kusini: ukitoka Mkomaindo, Masasi, kusini mwa Tanzania, ukashika magharibi na kupinda kidogo tu kaskazini, utaikuta baada ya kilomita zaidi ya 1,000.

Kwa upana haipishani sana na Ngorongoro, ila asili zao ni mbalimbali kabisa. Ngorongoro ni volkano iliyotitia. Luizi ilichimbwa na jiwe la angani linalokadiriwa kuwa na upana wa kilomita moja, lililokuja kwa kasi ya kilomita 20 hivi kwa sekunde.

Ripoti ya Kijerumani ya 1919 ilishalitaja duara hilo, lakini duara peke yake halithibitishi kitu. Ushahidi ulitoka kwenye mawe. Mwaka 2011 Ludovic Ferrière na wenzake, wakiwemo François Lubala na Pierre Kaseti wa Lubumbashi, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Baadhi ya mawe yalikuwa na michirizi inayoanzia ncha moja na kuchanua kama ufagio wa chelewa. Chini ya hadubini, chembe za kwatsi zilionyesha mistari sambamba, myembamba mno, ambayo hutokea pale tu mwamba unapogandamizwa ghafla kwa nguvu isiyo na mfano wake hata kwenye volkano.

Kazi hiyo yote isingehitajika Mwezini, kusiko na mvua wala mto. Kreta Tsiolkovskiy, yenye kipenyo cha kilomita 185 kwenye upande wa Mwezi tusiouona, ilijitokeza waziwazi katika picha za kwanza kabisa za upande huo, zilizopigwa na chombo cha Kisovieti Luna 3 Oktoba 1959.

Duniani maji hula kila kitu. Vilima vya mawe vya Masasi vyenyewe ni masalia: miamba migumu iliyobaki imesimama baada ya ardhi iliyoizunguka kumomonyoka. Luizi nayo imelika, lakini haijafutika. Ukingo wake ungali umeinuka kiasi cha mita 300 juu ya sehemu ya ndani, na humo ndani mna duara jingine la vilima lenye kipenyo cha kilomita 5 hivi, linaloonekana vizuri katika picha za setilaiti.